Mchirizi Mweupe

Niliuona mchirizi nikiwa nimeshakata maua yote mia mbili na arobaini.

Ulikuwa mwembamba, mweupe, umepanda kutoka chini ya petali hadi ukingoni. Mgeni angelichagua ua hilo kuliko yote yaliyokuwa mezani. Lakini tulipu za mjomba wangu ni za rangi moja tu, nzito, ndiyo maana aliziita Zambarau. Yeye si mtu wa kujisumbua na mashairi. Tulipu ya namna hiyo ikitoa michirizi, ina virusi. Dawa hakuna. Unaing'oa na udongo wake, unaichoma.

Mjomba alihangaika na ua hili miaka ishirini na moja. Alianza na mbegu, akangoja miaka sita kuona ua la kwanza, akatupa mimea mingine yote akabakiza mmoja. Huo akauzidisha taratibu, maana kila kitunguu chake, kile kinene cha chini kinachootesha mmea, kikikaa ardhini huzaa vingine vidogo. Duniani hakuna Zambarau nyingine. Zote zilikuwa mbele ya nyumba yake, mistari minane, na aliniachia mimi alipokwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho.

Aliniachia na masharti mawili. La kwanza, kila asubuhi nipite mistarini na mwavuli mweusi hata jua likiwaka, kwa sababu madoa ya ugonjwa kwenye majani huonekana vizuri kivulini. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akapaza sauti, "Dada, mvua inanyesha kwenu peke yenu?" Watu wakacheka, nami nikaurudisha mwavuli nyuma ya mlango. Nikajiona mjanja, nikaona nimeiepuka aibu.

La pili lilihusu kisu. Ua likishachanua siku chache hukatwa, ili nguvu zirudi chini zikinenepeshe kitunguu. Ukishakata moja, unachovya kisu kwenye spiriti ndipo uende kwa lingine, usije ukabeba ugonjwa. Nilianzia langoni; nilichovya mara ya kwanza, nikachovya ya pili. Kisha nikaona mzee anakuza mambo. Jua lilikuwa kali na mgongo ulishaanza kulalamika. Nikakata moja kwa moja hadi mwisho.

Sasa mchirizi ulikuwa mkononi mwangu, nami sikujua umetoka kwenye mmea gani. Nje kulikuwa na mabua mia mbili na arobaini yasiyo na vichwa, yote yamefanana.

Nikajilazimisha kufikiri. Ua hili nimelikuta juu kabisa ya lundo. Basi lilikatwa mwishoni. Kama lilikatwa mwishoni, kisu hakikugusa mimea mingi baada yake. Nilishusha pumzi, hata nikacheka kidogo. Halafu nikakitazama kikapu. Kilikuwa kimelala kifudifudi pembeni ya meza, kama nilivyokipindua mwenyewe wakati wa kumwaga maua. Yaliyokuwa chini ndiyo yaliyokuja juu. Ua hili lilikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Nikachukua mwavuli, nikatoka mbio. Nilipiga magoti mstari wa kwanza, nikatazama jani baada ya jani. Kila jani lilikuwa na doa. Nikipepesa macho, hakuna hata moja lenye doa. Hofu ilikuwa imeshayaharibu macho yangu, jasho linanitoka, na fundi viatu alipoita sikushika alichosema.

Nilipomsikia mjomba akikohoa langoni, nililisokomeza lile ua kwenye mfuko wa aproni. Alitakiwa kurudi keshokutwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wameniruhusu mapema. Jicho la kushoto naona hadi vumbi." Alitazama mistari, kisha mwavuli, kisha mimi. "Mbona umeloa jasho?"

"Nimechoka tu."

"Umeshakata?"

"Nimeshakata."

"Yote yalikuwa sawa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu kabisa. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayemuuliza daktari, nikashindwa. Nikatoa ua mfukoni, nikamwambia yote: mwavuli, spiriti, kikapu. Nilingoja anifukuze. Moyoni nilitamani anifukuze, yaishe.

Mjomba aliliinua ua hadi kwenye lile jicho jipya. Aliligeuza polepole.

"Mmea wa tatu," akasema. "Mstari wa kwanza, huku langoni."

"Umejuaje?"

Akanirudishia ua.

"Niliuona mwaka jana. Mchirizi mmoja, mwembamba. Nikajiambia ni ukungu wa macho. Ningeita hata mtu wa barabarani aniangalizie, sikuita. Niliogopa asije akauona na yeye." Akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya hospitalini. "Nilikubali wanipasue nikiomba ugonjwa uwe wa macho yangu, si wa ua."

Wa tatu. Nilikuwa nimechovya kisu mara mbili tu, kwa wa kwanza na wa pili; kutoka wa tatu kisu kilipita mimea mingine yote bila kuchovywa.

"Ile miwili si tunaweza kuibakiza, Mjomba?" nikauliza.

"Imekaa kando ya mgonjwa mwaka mzima." Alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka. "Lete koleo. Lete mawili."

Tulichimba mistari yote minane. Kila kitunguu alikipangusa udongo kwa kidole gumba, akakitazama kwa jicho lake zima, ndipo akakitupa kwenye pipa la kuchomea. Mara kadhaa nilifungua mdomo nimwambie pole, nikaufunga. Naye alinitazama mara mbili tatu kama mwenye neno lilelile, akarudi kuchimba.