Firigisi ya Nyungunyungu

Nelima wa Kidato cha Pili alitaka jambo moja tu mwaka ule wa 2006, na alilitaka hadi likamkosesha usingizi: kwenda Kitale. Si kutembea, la. Shule zilikuwa zinakutana huko kuonyeshana mambo ya sayansi, na shule yao ya kutwa kule Tongaren ilipewa nafasi ya mwanafunzi mmoja wa baiolojia. Mwalimu wa somo lenyewe alikuwa Madam Chepchumba, mtu wa Kapsokwony asiye na mchezo. Alisema hivi: "Ijumaa mtapasua nyungunyungu. Atakayeelewa anachokipasua, huyo ndiye nitampeleka."

Basi Bramwel akajiona ameshafika Kitale. Bramwel huyu alikuwa kifungua mimba wa Mzee Hiram, mfanyabiashara wa mahindi, kijana wa maneno mengi kuliko kazi. Wiki nzima kazi yake ilikuwa kuwauliza wenzake wanataka awaletee nini kutoka mjini. Debe tupu haliachi kuvuma, bana, lakini hili lilivuma kwa Kiingereza kizuri, na Nelima akaingiwa na hofu ya kweli.

Ijumaa kila mtu alikuja na nyungunyungu wake kwenye kopo. Wa Nelima alifukuliwa nyuma ya zizi, penye mbolea, naye alikuwa mnene hadi Joan, jirani yake wa dawati, akapiga yowe. Walubengo, lile jitu la kucheza raga, alimgusa wake kwa ncha ya kalamu akarudi nyuma hatua tatu. "Ati nimshike na mkono? Aka!" Uoga wa wanaume wengine, jamani, acha tu.

Madam aliwaua kwa spiriti, kisha akaagiza: "Pasueni mgongoni, ngozi tu. Wembe usizame. Bandikeni kwa pini, na kila kitu kibaki mahali pake nije nikague."

Nelima akashika wembe. Mkono uliofungua kuku kila sikukuu tangu darasa la nne utatetemekea nini? Akapasua ngozi polepole, akaibandika vizuri. Shida ililetwa na uzoefu huo huo. Kidole chake kilikutana na kitu kigumu, cha mviringo. Firigisi! Na kila msichana wa kwao anajua kwamba firigisi haiachwi tumboni. Inatolewa, inapasuliwa, inaoshwa, inawekwa kando kwa heshima zote, kwa sababu ni ya baba, na siku ikipotea jikoni hapakaliki. Kabla akili haijafika, mikono ilishamaliza kazi. Firigisi ya nyungunyungu, ndogo kama punje ya mtama, ilikuwa imepasuliwa, imeoshwa, na imetulia kwenye kifuniko cha chupa.

Alipozinduka alitamani ardhi immeze. Kitale ndiyo hiyo imekwenda.

"Madam!" Walubengo akapaza sauti. "Nelima anatupikia! Si mlete chumvi!"

"Na ugali!" akadakia mwingine. Darasa zima likaangua kicheko. Nelima mwenyewe angecheka kama hangekuwa karibu kulia.

Madam akaja. "Firigisi iko wapi?"

"Nimeiweka kando, Madam."

"Ya nani?"

"Ya... ya mwenye boma."

Wacha watu wavunjike mbavu. Lakini Madam alikuwa ameinamia kile kifuniko. "Ndani ulikuta nini?"

"Mchanga, Madam. Hana meno, kwa hivyo mchanga ndio unamsagia chakula. Kama kuku."

Madam akaenda kwa Bramwel. Nyungunyungu wake alikuwa amebandikwa akapendeza, pini zimepangwa mstari. "Nionyeshe firigisi."

Bramwel akakohoa, akaonyesha hapa.

"Huo ni mfuko wa chakula. Ni laini."

Akaonyesha pale.

"Huo ni utumbo. Bramwel, kwenu firigisi huliwa na nani?"

"Baba, Madam. Akisafiri, ni mimi."

"Kwa hivyo umekula nyingi."

"Nyingi sana!" Alisema kwa fahari, maskini, wala hakuliona shimo.

"Na hujui zinatoka wapi."

Kicheko kikahamia kwake. Madam akamgeukia Nelima, sasa kwa upole. "Na wewe unaionaje? Ni tamu?"

"Sijui, Madam. Sijawahi kuonja."

Hapo hakuna aliyecheka. Joan aliinamisha kichwa. Walubengo akaanza kutazama viatu vyake. Hata Nelima alishtuka kujisikia akilisema, maana kwao halikuwa jambo la kusemwa, na lilimuuma.

Madam akafungua daftari, akaandika jina, akaligeuza ili Nelima asome mwenyewe. "Tunaondoka Jumanne. Na huko utaiacha ndani hadi nikwambie uitoe. Umesikia?"

"Ndiyo, Madam," akasema Nelima, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, asijue kama ni ya furaha ya Kitale au ni ya kuku wote wale.