Nani Alifungua Lango la Maji

Elisifa alikuwa na steshenari ndogo Kiboriloni, akichapa barua za vikundi na kadi za harusi. Mchapishaji mmoja wa mjini alipompa kazi ya kupanga upya riwaya tano za Mzee Sylvanus wa Kilema ziwe seti moja, alifurahi mno, maana alizipenda tangu sekondari. Zilikuwa habari za Aikande, msichana anayevuka mfongo, ule mfereji wa maji unaopita kwenye migomba ya vihambani, na kutokea katika miaka ya babu zake.

Ukurasa mmoja tu ulimsumbua: mpangilio wa kusoma. Vitabu havikuwa na namba. Wasomaji wengine walifuata mwaka wa kuchapwa, wengine miaka anayoiendea Aikande, na walibishana kweli kweli. Elisifa akavisoma vyote upya, kalamu mkononi.

Ndipo alipoanza kuingiwa na shaka. Katika vitabu vitatu vya mwanzo, kila Aikande anapofika mfongoni hukuta lango la maji limeshafunguliwa, na kamba yake imefungwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Nani alilifungua? Swali hilo liliulizwa mara kumi na moja. Kwenye kitabu cha nne halikuwemo. Cha tano, hivyo hivyo. Hata neno mfongo lilitoweka, likabaki "mfereji" tu.

Akampigia simu mwandishi.

"Anzeni popote, binti," alijibu Mzee Sylvanus. "Vyote ni vizuri."

"Na lango, mzee? Nani alilifungua?"

"Mambo mengine tumwachie msomaji."

Jibu hilo halikumwingia akilini. Jumamosi asubuhi akachukua bodaboda hadi Kilema, vitabu vyote vitano mkobani.

Alimkuta mzee barazani, kahawa imeanikwa mbele yake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Kila alilouliza, mzee alilizungusha. Alipobanwa kuhusu fundo la kamba, akakumbuka ghafla kwamba jirani alimwita wakaamue zamu za maji. Akatoka haraka, kofia kaiacha kitini.

Jikoni, mkewe, Mama Monica, alikuwa akimenya ndizi za supu ya mtori. Hakuinua macho.

"Anza na kile kilichochapwa cha tatu," alisema. "Ndicho kilichoandikwa kwanza."

Elisifa akamkazia macho. "Umejuaje, mama?"

"Niliandika mimi. Vile vitatu. Yeye alikuwa mwalimu, anafahamika, tukakubaliana kitabu kimoja tu kitoke kwa jina lake. Kikapendwa. Cha pili kikafuata hivyo hivyo. Kufika cha tatu nikamwambia, sasa weka langu. Akasema wasomaji watachanganyikiwa. Basi nikaacha kuandika. Viwili vya mwisho ni vyake."

Elisifa hakumwamini. Maneno kama hayo yeyote angeweza kuyasema, hasa mke mwenye kinyongo.

"Kama ni wewe, nani alifungua lango?"

"Bibi yake Aikande. Yule kipofu."

Elisifa akavitoa vitabu mkobani, akakaa kwenye kigoda. Katika kimoja, bibi anamfunga mbuzi kwa mkono wa kushoto. Alishaupita mstari huo mara nyingi. Katika kingine, bibi anajua saa kwa kusikiliza maji. Na katika kile cha tatu, ukurasa wa kumi na mbili, pindo la kanga yake limelowa asubuhi ambayo kila mtu anasema hakutoka nje.

"Ukianza na hicho," Mama Monica alisema, "unaiona kanga kabla hujajua kuna lango."

"Na mzee hajui?"

"Aliniuliza sana alipokuwa anaandika cha nne. Sikumjibu."

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Mzee Sylvanus alikuwa amesimama pale, na haikujulikana amesimama tangu lini.

"Ni nani, Mama Monica?" aliuliza polepole. "Miaka kumi na tisa. Niambie tu ni nani."

"Jina langu likikaa kwenye jalada, nitakwambia."

Mzee aliangalia chini, akayaangalia maganda ya ndizi kama anayeyahesabu. Kisha akamgeukia Elisifa. "Haya. Vitatu andika vyake."

Elisifa alikuwa amemshuku mzee kutwa nzima, hivyo hakutaka kuishia kwenye maneno. Akatoa karatasi, akaandika mistari mitatu kuhusu nani aliandika nini, akamtaka asaini. Mzee akasaini akiwa amesimama. Mama Monica akafuta vidole kwa kanga, naye akasaini.

Wakala mtori. Elisifa alipoaga, Mama Monica alimsindikiza hadi getini.

"Unachapa kutoka mwandiko wa mkono?"

"Nachapa, mama. Hata ukiwa mbaya."

"Mbaya si sana," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Jumatatu nitashuka na daftari langu."