Harufu ya Kuwaita Nyuki

Mtu mzima mimi, mke wa mtu, nimetoka kufua mashuka ya hospitali kutwa nzima, miguu imevimba, na badala ya kujitupa kitandani naenda kuinama bustanini nasugua sanduku la mbao kwa mchaichai. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu tunayeishi naye, alikuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni na kunicheka mpaka anashika mbavu.

"Wifi, nyuki unawapaka manukato. Kaka yangu je?"

"Kaka yako ana harufu yake tayari," nilimjibu bila kugeuka.

Na alikuwa nayo kweli. Mume wangu alikuwa mpuliza dawa. Aliitwa kwenye maghala na majumba ya watu kuua mende, mchwa na kunguni, pampu mgongoni, kitambaa puani, kwa sababu barakoa ya maana bosi wake alikuwa anaiahidi tu. Kikohozi kilianza kama mzaha. Baadaye akawa hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kusimama njiani kuvuta pumzi. Nilimsihi aache, nikambembeleza, nikanuna, nikamkatalia hata salamu.

"Niache tule nini, mke wangu? Hewa?"

Mwisho tukaafikiana. Matango na maboga ya nyuma ya nyumba yakianza kuzaa na kufika sokoni, siku hiyohiyo pampu inarudi kwa bosi. Tangu hapo ile bustani haikuwa mboga tena machoni pangu. Ilikuwa kifua cha mume wangu.

Sasa bustani yenyewe ikawa inanitania. Inatoa maua ya njano yanapendeza, kitango kidogo kinajitokeza nyuma ya ua, nafurahi, halafu kinageuka rangi, kinanywea, kinaanguka. Nilibadilisha mbolea. Nilibadilisha mbegu. Nilikosana na Mungu kidogo, nikarudi kumwomba radhi. Mpishi wa hospitali, mama mnene wa mwili na sauti ambaye kwake anavuna mpaka anagawa, alinisikiliza nikilalamika huku anamenya viazi, akauliza swali moja tu.

"Nyuki mnao?"

Nikafikiri. Sikukumbuka kumwona hata mmoja.

"Basi unasubiri mtoto bila baba," akasema, wakacheka jiko zima.

Ndiye aliyenifundisha. Nipande mrehani, nisiuchume, niuache utoe maua, maana nyuki wanafuata harufu. Nitafute sanduku la mbao nilifanye mzinga, nilipake nta ndani, nisugue mchaichai uliopondwa. Ndizi mbivu nisiziweke karibu, harufu yake inawachokoza. Yote hayo niliyafanya, na mwili umechoka. Kuna jioni nilipanda mrehani nimepiga magoti kwa kuwa kusimama nilishindwa. Mafuta yangu ya kujipaka yenye marashi niliyaacha. Wifi nikamnyang'anya kopo lake la dawa ya mbu, tukanuniana siku kadhaa, tunapishana koridoni kama wapangaji wanaodaiana.

Nyuki hawakuja. Mrehani ulichanua wenyewe, maua yakakauka yenyewe.

Tangu matango yalipoanza kuota mume wangu alikuwa ameona ninavyohangaika, akanionea huruma. Zamu yangu ilikuwa inaisha jioni sana, yeye anawahi kurudi, akasema kumwagilia niachie. Nilishukuru kutoka moyoni. Nikifika nakuta udongo umelowa, majani yanameremeta matone, na yeye kakaa kizingitini anahema, anajisifu. "Leo nimeyaogesha mpaka maua." Nilikuwa naenda kulala na furaha ya mke anayesaidiwa.

Halafu akaanguka kazini. Kizunguzungu, kifua kimebana. Daktari akampa dawa na kumwamuru alale, asiguse pampu mpaka amwone tena. Bosi akatuma pole kwa simu, na swali la lini atarudi.

Nikaomba likizo nimuuguze. Sikumwagilia chochote, nani ana nguvu hizo. Bahati nzuri mvua ilinyesha siku mbili mfululizo ikatusaidia. Asubuhi moja, jua limetoka, nilitoka kuanika shati lake nikasikia mvumo. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikasogea. Walikuwa kwenye maua mapya ya mrehani, walikuwa ndani ya maua ya matango, wamejaa vumbi la njano miguuni, wanaingia na kutoka kama watu wenye shughuli zao. Nililia palepale na shati lake mkononi.

Mume wangu aliwasikia kupitia dirishani. Akajiinua kwa kiwiko, uso umechangamka kuliko siku zote za ugonjwa.

"Wamekuja? Si nilikwambia! Ni yale maji yangu ya jioni. Nikipata nafuu naendelea."

"Utaendelea, baba," nikamwambia.

Jua likaendelea kuwaka, na kabla ya wiki kwisha udongo ukaanza kupasuka. Nikamwomba wifi amwagilie. Akakunja uso.

"Mimi siwezi kubeba lile pampu, wifi. Zito."

"Pampu gani tena? Si ndoo ipo?"

"Kaka anamwagilia kwa pampu yake ya kazini. Anaisuuza hapo bombani, anaijaza maji, anajibebesha. Anasema ndoo inamkata pumzi, na pampu inafika mpaka kwenye maua. Kwani hujui?"

Sikujua. Nilikwenda barazani ilipokuwa imeegemezwa tangu aliporudishwa nayo kutoka kazini, nikafungua kifuniko, nikaisuuza, nikaingiza pua. Sikusikia kitu. Miaka yote ya sabuni na dawa ya kung'arishia mashuka ilikuwa imeniulia pua. Mimi mtafuta harufu za nyuki, mrehani wenyewe nilikuwa nausikia kwa mbali. Nikamwita wifi.

"Nusa humu."

Alinusa akarudi nyuma, mkono puani. "Dawa tupu, wifi! Macho yananiwasha."

Nilikaa chini barazani. Sikuwa na hasira, ingawa niliitafuta. Nilikuwa nimechoka tu, na nilimwonea uchungu. Kila jioni mtu huyu, pumzi yenyewe ya kuazima, alikuwa akiubeba mzigo ule mgongoni ili mimi nipumzike, na kila jioni alikuwa akiwapulizia sumu nyuki niliokuwa nawaita. Ningeweza kunyamaza. Ningesema pampu imeharibika. Lakini alikuwa ameshasema akipata nafuu ataendelea.

Nikaingia chumbani nikamweleza, polepole, nimemshika mguu juu ya shuka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lakini nilikuwa naisuuza," alisema. "Naisuuza vizuri, mke wangu. Maji yanatoka meupe."

"Najua."

"Wewe ulikuwa unawaita, mimi nawafukuza."

"Hukujua, baba. Usijitese."

Aliitoa mikono yake nje ya shuka. Nilidhani anajilaumu kwa ajili ya matango, nikaanza kumwambia kwamba sasa yatazaa. Hakuwa anawaza matango. Alikuwa anaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Yale ni maji tu ya pampu iliyosuuzwa," alisema. "Na yamewamaliza. Sasa mimi ninayeichanganya dawa yenyewe, ninayeivuta kutwa?"

Miezi yote ile nilikuwa na maneno mengi, ya kubembeleza na ya kugomba, na hakuna hata moja lililokuwa limemwingia. Nilizidi kumshika mguu.

"Kesho mpelekee bosi pampu yake," akasema.

"Na matango bado ni madogo kama kidole. Hayajafika sokoni."

"Mpelekee."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unachotaka. Mimi sina pumzi ya kumtafutia maneno."

Akageukia ukutani. Nilifurahi, na niliona aibu kufurahi, maana mabega yake yalikuwa yanatetemeka na hakutaka nione.