Shemeji Anayeshika Mtandao

Kila Jumanne asubuhi mpimaji wa mtandao alizipanga simu nne juu ya dashibodi, akazikaza kwa utepe zisiteleze, akafungua kompyuta kwenye kiti cha pembeni, kisha akaendesha gari la kampuni ya simu kutoka mnara wa kilimani hadi mnara wa kinu cha unga. Simu moja ilipiga, ya pili ilicheza video, mbili zilizobaki zilitumiana ujumbe usio na maana. Kazi yake ilikuwa kutazama zinakatika wapi. Mtu akiwa safarini, mnara mmoja humpokeza kwa mwingine kama mtoto mchanga anavyopokezwa: wa kwanza haachii mpaka wa pili ameshika.

Katikati ya minara hiyo kulikuwa na kona chini ya mwamba, na siku zote hapo mstari kwenye kompyuta uligeuka mwekundu. Mnara wa kwanza uliachia kabla wa pili haujashika. Mpimaji aliripoti mpaka akachoka. Kampuni iliahidi mnara wa tatu, na ahadi ikawa kama mgeni anayesema yuko njiani wakati bado anaoga.

Jumanne hiyo mstari ulipita konani ukiwa kijani. Akageuza gari, akapita tena. Kijani. Akaegesha, akashuka, akamkuta shemeji yake, mke wa kaka yake, amesimama juu ya jiwe kando ya barabara, ameinyoosha mikono yote miwili juu. Alikuwa na gauni lilelile la maua alilofariki nalo.

“Za siku, shemeji?” mpimaji alisema.

“Nzuri. Umenenepa.”

“Ni kukaa kwenye gari.”

“Ni uvivu,” alisema shemeji, na wote wawili wakacheka, maana hata alipokuwa hai hakuwahi kumpa nafasi ya kupumua.

Alifariki kwenye kona hiyohiyo, kwenye kiti cha nyuma cha teksi, safari ya hospitali ikiwa haijafika nusu. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ameshika simu ya video na mkunga alikuwa akimwelekeza: weka mkono hapa, kandamiza, usiachie. Mtoto alishatoka, analia. Damu nayo ilikuwa inatoka. Mkunga akasema, “Sasa nisikilize vizuri,” picha ikaganda, simu ikakatika. Iliporudi karibu na kinu, mkunga alieleza yote mpaka mwisho, na fundi akamsikiliza mpaka mwisho, ingawa mkewe alishakata roho.

Sasa shemeji alizipokea simu zote zilizotoka kilimani na kuzikabidhi kwa mnara wa kinu, na zile za kutoka kinu akazirudisha kilimani. Sauti alizishika kwa mkono wa kulia, intaneti kwa wa kushoto. Intaneti, alisema, ni nzito na haitulii. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kama vya mtu aliyefua mablanketi ya ukoo mzima.

“Unachoka?”

“Nachoka. Lakini si hilo. Nataka kumshika mwanangu, shemeji. Sikuwahi kumshika hata mara moja. Na nikishusha mkono, mtu anakatika.”

“Hata kidogo tu?”

“Wewe unajua nani anaongea nini hapo kwenye hicho kidogo?”

Mpimaji hakujua. Akamwahidi mnara.

Meneja wa mtandao, wafanyakazi wake walimwita Bwana Kijani, kwa sababu rangi nyingine kwenye ramani zilimuumiza kichwa. Alimsikiliza mpimaji bila kumkatiza. Hakutilia shaka hata neno moja. Aliuliza tu kama marehemu huwa pale hata siku za mwisho wa wiki.

“Yuko pale muda wote, bosi.”

“Basi mnara wa nini?”

“Amechoka. Ana mtoto mdogo.”

“Ameajiriwa na sisi?”

“Hapana.”

“Sasa likizo nitampaje, ndugu yangu?”

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliokera. Kisha akaeleza, kama mtu anayetaka kusaidia, kwamba mnara hujengwa pale wateja wanapokatika. Kipimo cha gari moja si hoja. Wateja wote wakikatika wiki nzima na malalamiko yakamiminika, hata yeye hataweza kuuzuia mnara. Wasipokatika, pengo halipo.

Mpimaji akarudi konani mbio.

“Wiki moja tu, shemeji. Waache wakatike, wapige kelele. Mnara utasimama, na wewe utamshika mtoto mpaka akukojolee.”

Mpimaji aliona jinsi shemeji alivyolitaka jambo hilo. Kisha akaanza kuushusha mkono wa kushoto, taratibu, na ndani ya gari mstari kwenye kompyuta ukaingia rangi ya manjano.

Mara akageuza shingo. Gari lilikuwa linateremka kutoka kilimani, bado halijaonekana, lakini yeye alishalisikia. Ndani yake mwanamume alikuwa akipaza sauti kwenye simu: “Daktari, bado anapumua! Niambie nifanye nini!”

Mkono ukarudi juu.

“Huyu apite kwanza,” alisema.

Nyuma ya gari hilo alikuja msichana anayesubiri majibu ya mtihani. Nyuma ya msichana, mtu na mkewe wanagombana kwa simu, kila mmoja kwenye gari lake.

“Hata hawa?” mpimaji aliuliza.

“Hata hawa. Sijui ugomvi wao utaishia wapi.”

Mwezi uliofuata mnara wa tatu ulitolewa kwenye mpango wa kona, ukajengwa nyuma ya nyumba ya mkurugenzi, ambako video zilikuwa zikisitasita. Barabarani kampuni ilibandika tangazo lenye mwanamke anayetabasamu: Ukiwa nasi, hukatiki. Ramani ikabaki kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, na Bwana Kijani akapandishwa cheo.

Jumapili fundi cherehani humpeleka mtoto konani. Zamani alimwinua mpaka usoni pa mama yake, naye akamnusa utosi, akamsimulia mambo aliyoyasikia yakipita mikononi mwake. Sasa mtoto anatembea. Jumapili iliyopita alimponyoka baba yake, akakimbia mpaka kwenye jiwe, akaikumbatia miguu ya mama yake, kisha akainua mikono.

“Mama, beba.”

Mama alimtazama. Alilia, na hakuwa na mkono wa kuyafuta machozi. Ilikuwa jioni ya mwisho wa wiki, magari yalikuwa mengi yakirudi mjini, na karibu kila mtu ndani yake alikuwa anaongea na mtu.