Mvumo wa Spika za Ghalib

Ghalib, dereva wa winchi bandarini, alinunua amplifaya na deki ya video kwa baharia mmoja mwaka wa 1988. Akaviweka sebuleni kwake Port Reitz pamoja na televisheni na spika mbili refu. Picha ilitoka vizuri, lakini spika zilivuma mfululizo, na friji ya jirani ikiwaka mvumo ulizidi.

"Stima ya huku chafu," fundi Kenga alimwambia. "Nitakutafutia kifaa cha kuisafisha. Subiri kidogo, na plagi usiiguse."

Ghalib hakusubiri. Jumamosi wageni wangekuja kutazama kanda ya harusi ya mdogo wake. Akaifungua plagi ya amplifaya, akaukata waya wa tatu, ule wa kupeleka stima ardhini chombo kikiharibika. Akawasha.

"Barke! Njoo usikilize!"

Mkewe akaja kutoka jikoni, mikono imejaa unga, akatega sikio. "Mbona sisikii kitu, Baba Tumu?"

"Ndiyo hivyo! Hakuna kitu!"

Wakacheka wote wawili.

Wageni walikuja, wakasifu, na baada ya hapo Ghalib hakumtafuta Kenga tena.

Masika ya mwaka uliofuata dari ilivuja. Barke aliona maji yakitiririka juu ya amplifaya, akakimbilia kitambaa kuipangusa. Stima ilikuwa imeshaingia kwenye bati la chombo, na njia yake ya kwenda ardhini ilikuwa imekatwa. Ikapita kwake. Ghalib alikuwa uani akikinga maji ya mvua aliposikia binti yao Tumu akipiga kelele. Alikimbia akazima swichi kubwa, akamwinua mkewe, akamwita, akamwita tena. Barke hakuitika.

Matangani watu walisema ni kudura ya Mungu. Mamake Barke, Bi Mwanatatu wa Likoni, alikaa karibu na mkwewe akamshika mkono.

"Usijitese, mwanangu. Siku yake ilifika."

Kila alipomfariji, Ghalib alizidi kuumia. Baada ya khitma, watu walipotawanyika, alishindwa kuvumilia.

"Mama, mimi ndiye niliyekata ule waya. Fundi alinikanya."

"Kwa nini ukaukata?"

"Spika zilikuwa zikivuma."

Bi Mwanatatu alimtazama kana kwamba anangoja amalize. Alipoona hana la kuongeza, akauachia mkono wake, akasimama, akaenda kukunja nguo za Tumu. Jioni ile alivuka na mtoto kwa feri hadi kwake Likoni.

Ghalib aliwafuata Ijumaa baada ya sala. Alimkuta mkwewe barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

 Bi Mwanatatu alichukua ungo wake, akaingia ndani, na Ghalib akasikia komeo likitiwa mlangoni.