Kiti cha Matairi Mawili

Kwanza niseme wazi: mimi si mnene. Nina mwili. Kuna tofauti, na asiyeiona akae kimya. Nayasema haya mapema kwa sababu kaka yangu anakihadithia kisa hiki kila watu wakikusanyika, na kila akikihadithia mimi nazidi kunenepa.

Tulikwenda watatu, mimi, kaka na mtoto wetu, kuiona nyumba ambako mtoto huyo angeolewa. Ni binti wa kaka, lakini mama yake alifariki angali ananyonya, nikamlea mimi. Kwa hiyo ni wangu, kaka kachangia jina tu. Na katika ukoo wetu, shangazi ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ndoa, tena neno hilo husemwa kwa kusimama. Ukiwa umekaa, unapiga soga. Ukisimama, wote wanasimama, unasema ndiyo au hapana, mnaaga. Marehemu bibi yangu aliwahi kuvunja uchumba hivyo hivyo: alisimama, akasema hapana, akachukua mkoba wake akaondoka, chai yake ikabaki inafuka moshi mezani.

Mimi hapana yangu nilikuwa nayo mdomoni tangu mlangoni.

Kijana mwenyewe riziki yake ni kutengeneza vitu vya nyumbani kutokana na vilivyotupwa. "Tunatunza mazingira, shangazi," aliniambia kwa adabu, nami moyoni nikambatiza Bwana Makopo. Nyumba yake sasa! Mapazia ni magunia ya unga, yamefuliwa na kupindwa kwa uzi mwekundu. Meza ni mlango wa zamani, tundu la kitasa bado linakukodolea. Taa ni chupa za kijani zilizokatwa shingo. Kioo kimefungwa ndani ya rimu ya baiskeli. Maua yameoteshwa kwenye makopo ya rangi, ilhali rangi yenyewe haikuonja ukuta. Ukuta kaupaka udongo na chokaa kwa mkono wake. Hata pa kutundika funguo ni vijiko vilivyopindwa. Nikajiuliza, huyu wali atakula na nini?

Mnisikilize vizuri. Mimi nauza vyombo sokoni, vipya, vingine bado vimo kwenye maboksi yake. Utotoni kwetu kikombe kilikuwa kimoja, cha baba. Sisi wengine tulinywea makopo, na likikukata mdomo unanyamaza, maana utamlalamikia nani? Niliapa mtoto nitakayemlea mimi hatayajua hayo. Sasa nimemlea, nimemsomesha, halafu akanywee kopo kwa kupenda? Thubutu!

"Karibu dada'ngu, kaa hapa," mama wa kijana akanishika mkono. "Hiki ndicho kiti chake kizuri kuliko vyote."

Kilikuwa matairi mawili ya gari yaliyopandana, na pa kukalia pamesukwa kwa mpira wa ndani ya tairi, uliokatwa vipande kama kamba.

"Hicho kinabeba mtu yeyote, shangazi," kijana akasema, macho yanang'aa. "Wateja wangu wote wanataka hicho. Hakijawahi kuniaibisha."

Nikakaa. Mpira ukalegea kidogo, nikashuka. Nikangoja nifike mwisho. Wapi! Niliendelea kushuka taratibu mpaka magoti yakawa jirani na kidevu, na nyonga zikabanwa pande zote mbili na tairi. Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu.

Chai ikaja, kwenye vikombe, nashukuru. Nikanywa kimoja kwa heshima, nikaona basi, imetosha. Nikakamata ukingo wa tairi kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikajisukuma juu niseme hapana yangu.

Sikwenda popote.

Nikajaribu tena, huku nikijifanya narekebisha nguo. Kiti kikalia nyiii. Wote wakanitazama.

"Kiti kizuri," nikasema.

Jamani, wengine hukalia kuti kavu. Mimi nilikalia tairi. Ningesema nimekwama, hiyo ingekuwa hadithi ya mtaa mzima kabla jua halijatua: shangazi mtu kaja kukataa posa, kachomolewa kitini kama kizibo. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Kaka akatazama saa. "Dada, naona tuwaache wenzetu wapumzike."

"Bado," nikasema.

Uso wa mama wa kijana ukabadilika. Alijua habari za ukoo wetu, na alijua shangazi asiyesimama ana jambo. "Labda mapazia hayajampendeza mgeni," akasema kwa sauti ndogo. "Yatabadilishwa."

"Sijasema neno," nikamjibu. Na kweli, neno ningelisemaje?

Akanimiminia chai nyingine. Ili muda uende, nikaanza kuuliza maswali. Hii taa je? Na ule ukuta? Kijana akajibu kila kitu kwa furaha, maskini, akidhani napendezwa: chupa kazitoa nyuma ya mgahawa, mlango ulikuwa wa shule iliyobomolewa. Kila alipomaliza, mama yake alikuwa ameshaongeza ahadi. Rangi ya dukani itapakwa. Sofa litanunuliwa, la vitambaa. Meza ya kioo. Kaka akanikonyeza, eti dada unajua kubana! Mimi niliyebanwa!

Chai ya tatu ikashuka, na sasa nikawa na shida ya pili, ambayo mwanamke mwenye heshima zake haitaji. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Nadhani uso wangu ulitisha, kwa sababu mtoto wangu alikuja kuchuchumaa karibu yangu, midomo inamcheza.

"Shangazi, kama ni hapana, sema tu," akaninong'oneza. "Usinitese hivi. Nampenda, lakini siwezi kuolewa wewe hutaki." Machozi yakamtoka palepale, akayafuta kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

Moyo uliniuma, sitaki kusema uongo. Nikainama nimshike shavu, na tairi nalo likainama pamoja nami, likaacha sakafu upande mmoja, kisha likarudi chini, puu!

Hapo macho yangu na ya yule kijana yakakutana. Aliona. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akaelewa yote. Nikangoja acheke. Sijawahi kumwogopa kijana wa rika lile maishani mwangu, ila dakika ile nilimwogopa.

Hakucheka. Akasema amechoka kusimama, akaenda kwenye kiti kingine cha matairi kilichokuwa kando ya dirisha, akajitupa. Punde akaanza kurusha miguu.

"Mama! Nimenasa! Nivuteni!"

Kijana yule ni mwembamba kama mpini wa ufagio. Wa namna yake wawili wangeenea mle, na mfuko wa nazi juu.

"Wewe! Mbele ya wakwe!" Mama yake alitamani ardhi ipasuke.

"Viti hivi ni vibovu, mama. Mpira umelegea, nimekosea kuvisuka. Kila anayekaa hatoki." Aliyasema haya yule aliyetuapia kuwa kiti hakijawahi kumwaibisha. "Hata shangazi mtakuwa mmemtesa bure. Mtoeni yeye kwanza, ndiye mgeni. Mimi nitangoja."

Basi kaka akashika mkono huu, mama wa kijana ule, mtoto wangu akasukuma mgongoni. Moja, mbili, vuta! Nikaja juu. Na tairi la juu likaja na mimi, limenikaa kiunoni kama mkanda.

Lakini nilikuwa nimesimama.

Kaka akaona nimesimama, akaacha kuvuta, akajiweka wima. Mama wa kijana akakunja mikono. Mtoto wangu akaziba mdomo. Kijana naye, aliyenasa kwa shida kubwa namna ile, akaruka kutoka kitini kwake kama panzi, akasimama ameinamisha kichwa. Walikuwa wanangoja neno.

Niliitazama nyumba ile, magunia na chupa zake. Sikuipenda hata chembe, na mpaka leo siipendi. Kisha nikamtazama yeye.

"Viti vyake havifai," nikasema. "Havifai kabisa. Yeye anafaa."

Mtoto wangu akanirukia shingoni, akagonga tairi, akarudi nyuma, akarukia tena. Mama mtu akafungua mdomo apige vigelegele, nikamwomba asubiri kwanza wanivue, kisha mmoja wao anionyeshe choo kiko wapi.