Bangili ya Mama Mkwe

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikaambiwa nimejificha nyuma ya watu. Ni mimi niliyempa mama mkwe wa mteja wangu Netsai ile bangili.

Mimi ni msusi hapa Mucheke, mtaa wa mji wa Masvingo. Watu wa afya walitukusanya wasusi wa mtaa wakatufundisha kuwaonyesha wateja kondomu ya kike: inavyokunjwa, inavyoingizwa, na kwamba mwanamke anaweza kuivaa saa kadhaa kabla mwanamume hajafika. Mteja anakaa kitini kwangu saa nne, kichwa chake kiko mikononi mwangu, atakwenda wapi? Anasikiliza. Ndani ya kondomu hiyo mna pete laini, pana kama mdomo wa kikombe cha chai, inayonyumbuka. Zile za kuonyeshea siwezi kumpa mtu akazitumie, basi natoa pete naivaa kama bangili. Nusu ya wanawake wa hapa wanazo. Tukipishana sokoni tunatazamana mikono na kucheka, na wanaume wetu hawajui kitu.

Mwezi uliopita mama mkwe wa Netsai alikuja kusukwa, akashinda ananikosoa. Mkono wangu mzito, saluni inanuka mafuta ya kuungua, wasusi wa zamani walikuwa na adabu. Kisha akaiona bangili yangu akaitamani. Nilimvalisha kwa heshima zote, kwa mikono miwili, huku moyoni nacheka mpaka mbavu zinauma. Ndivyo nilivyo nikikasirishwa.

Jumamosi iliyopita Netsai alifika asubuhi, hana utani hata kidogo. Mumewe, Cuthbert, anaendesha lori kati ya Durban na Lusaka, na alikuwa amepiga simu kwamba alasiri angekuwa nyumbani, baada ya miezi mitatu. Netsai alikuwa amepima kliniki wiki hiyo, akakutwa salama. Alitaka abaki hivyo hivyo. Kondomu ya kiume Cuthbert alishaikataa mara mbili. Mara ya pili alimwuliza kama ng'ombe wote wale wa mahari aliwatoa ili aje ale pipi na ganda lake.

"Nikimwambia kwanza, atakataa," Netsai aliniambia. "Akinikuta nimeshavaa, itabidi tuzungumze mengine."

Nyumbani kwao ni vyumba viwili, mama mkwe na watoto wanne, wawili kati yao yatima wa shemeji yake. Hakuna pa kujifungia. Netsai aliingia na kondomu ya kike aliyopewa kliniki nyuma ya pazia langu, ninapochemshia maji, akatoka baada ya dakika kumi.

"Haibani," akasema. "Ila naona kama mtaa mzima unajua."

Nilikuwa nimesuka nusu ya kichwa pale mlango uliposukumwa. Aliingia Cuthbert, mapema kuliko alivyosema, na mama yake nyuma yake, uso umejaa fahari.

"Nimemleta aone mkewe anavyopendezeshwa," mama akasema, akainua mkono kuweka kilemba sawa. Bangili ikateleza mpaka kwenye kiwiko.

Cuthbert aliitazama, akasahau hata kutusalimu.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Kanipa huyu binti. Nzuri, sivyo? Hata mchungaji kaisifia."

"Ivue."

"Niivue kwa nini?"

"Ivue tu, mama. Si kitu cha mtu mzima kuvaa. Nitakuletea nyingine."

Cuthbert akautazama mkono wangu, akaiona nyingine, kisha akamgeukia mkewe.

"Kumbe ndiyo mnayofundishana humu. Mama Anesu, inuka twende nyumbani."

"Nywele hazijaisha."

"Nimesema inuka. Huko tutazungumza vizuri."

Akamshika kiwiko. Hakumvuta, ila hakumwachia. Nilijua Netsai anawaza nini: akipelekwa nyumbani sasa, kwa hasira hii, kile alichokivaa kitagunduliwa kabla hajapata nafasi ya kusema neno. Mimi ninayeongea kutwa nikainamia kitana changu. Niliona aibu, na bado naiona.

"Baba Anesu," Netsai akasema, sauti ya chini kabisa. "Mama kaivaa mwezi mzima hajui ni nini. Mchungaji kaiona, hajui. Wewe umeijulia wapi?"

"Watu wanaongea. Huko njiani."

"Kuongea tu hakutoshi. Umeitambua ukiwa mlangoni."

Akamwachia kiwiko.

Mama mkwe alikuwa anaizungusha bangili polepole. "Binti, hii ni nini?"

Kwetu mama hazungumzi mambo ya chumbani mbele ya mwanawe. Hiyo ni kazi ya shangazi. Nilitazama chini nikamwambia hivyo hivyo. "Inatoka kwenye kondomu ya wanawake, mama. Haijatumika. Nisamehe."

Nilingojea kofi. Yeye akakaa kwenye benchi.

"Kaka yako Onisimo alikuwa na lori kama lako," akamwambia Cuthbert. "Kila akirudi namwona mkewe anazidi kukonda, na mimi nakula kuku aliyenipikia, nanyamaza. Niliona haya kuuliza. Nikawazika wote wawili, nikabaki na haya yangu na watoto wao."

"Mama, hapa kuna watu."

"Makaburini pia walikuwepo." Akatazama saa ya ukutani. "Kliniki inafunga saa saba. Nenda ukapime. Nitakaa nawe kwenye foleni."

"Na nisipokwenda?"

"Basi mkeo analala chumbani kwangu, leo na kesho na keshokutwa."

Cuthbert akamgeukia Netsai, labda akitegemea huruma. "Na wewe unasemaje?"

"Nenda," Netsai akasema. "Na hata ukirudi salama, kujikinga nitajikinga, mpaka mimi mwenyewe niseme basi. Nilishaamua kabla hujafika."

Cuthbert akavuta kola ya shati lake. Kisha akatoka, na kwa mlango ulio wazi tulimwona akishika njia ya kliniki.

Mama yake akainuka amfuate.

"Mama, nirudishie hiyo," nikamwambia. "Nitakutafutia bangili ya heshima."

Akaisukuma juu ya mkono mpaka ikakaza. "Ulinipa kwa mikono miwili, binti. Usinidai. Maliza nywele za mkwe wangu, na huo mkono wako bado mzito."

Netsai alicheka, kisha akalia, na mimi nikaendelea kusuka nusu iliyobaki.